Wazazi na Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Akili

Somo kwa makatekista, wazazi na viongozi wa jumuiya za Epulu

SHABAHA YA SOMO. Wakristu wafahamu kwamba mzazi amtafutiaye mwanawe matibabu ya akili hapungukiwi imani, bali anaitimiza. Na kwamba sala na dawa hazigombani.

I. Baba aliyemleta mwanawe

Mwinjili Marko, katika sura ya 9, anasimulia habari za baba mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa. Mtoto huyo alikuwa akianguka ghafula, akitoka povu, akisaga meno na kukakamaa mwili. Mara nyingi alianguka motoni au majini. Mwinjili Mateo, akiisimulia habari hiyohiyo katika sura ya 17, asema kwamba mtoto alikuwa na kifafa. Baba alimpeleka kwanza kwa wanafunzi wa Bwana, nao hawakuweza kumponya. Kisha yakatokea mabishano kati ya wanafunzi na waandishi, na umati ukakusanyika kutazama. Kila mzazi aliyepata kuuguza mtoto wa namna hii anaijua hali hiyo: wengine wanabishana, wengine wanatazama, na mtoto yuko chini palepale.

Yafaa katekista awaonyeshe wasikilizaji mambo manne katika habari hii.

Kwanza, Bwana Yesu alimwuliza baba kwamba ugonjwa ule ulianza lini. Hakuuliza nani amemroga mtoto, wala dhambi gani imetendwa nyumbani. Naye baba akajibu kwamba ulianza tangu utoto, akaeleza yote bila kuficha.

Pili, baba hakuomba msaada kwa ajili ya mtoto peke yake. Aliomba wasaidiwe wote, maana ugonjwa wa mtoto ni mzigo wa nyumba nzima.

Tatu, baba alikiri imani yake, na papo hapo akakiri kwamba imani hiyo ni haba. Bwana hakumfukuza kwa ajili hiyo.

Nne, Yesu alimshika mtoto mkono akamwinua. Na Mwinjili Luka anaongeza kwamba alimrudisha kwa baba yake. Basi uponyaji haukuishia barabarani. Uliishia nyumbani, mikononi mwa wazazi.

II. Njia wanayopita wazazi

Epulu ni kijiji kilicho kando ya mto wa jina hilo, ndani ya msitu wa Ituri, kwenye barabara kuu itokayo Kisangani na kupita Nia-Nia na Mambasa. Humo wanaishi Wambuti, Wandaka, Wabila, na Wanande waliokuja kwa kilimo na biashara. Kijiji hiki kinajulikana duniani kwa ajili ya mnyama okapi, na hifadhi yake iliwekwa na serikali mwaka 1992. Dawa za hospitali si jambo geni hapa. Tangu miaka ya 1930 Mmarekani Patrick Putnam alikuwa na zahanati kando ya mto, na watu walikwenda kutibiwa vidonda na homa.

Lakini mtoto anapougua akili, njia hubadilika. Mara nyingi huenda hivi. Mtoto anaanguka kwa mara ya kwanza karibu na mafiga. Bibi zake wanasema ni degedege, wanamfukiza majani. Anapoanguka tena, ndugu wanaanza kunong'ona juu ya shangazi mwenye kijicho, au juu ya ukoo wa mama yake. Mganga wa kienyeji anadai kuku, halafu mbuzi. Mbuzi akiisha, mtoto anapelekwa kwenye chumba cha maombi. Huko anafungishwa siku kadhaa bila kula, na pengine anafungwa kamba asikimbie. Shuleni hatakiwi tena, kwa kuwa wazazi wengine wanaogopa povu lake. Mama analaumiwa kwamba ndiye aliyeuleta ugonjwa nyumbani. Baba anaona haya, anaacha kuja Misa. Fedha zinapokwisha kabisa, ndipo mtu mmoja anakumbuka kituo cha afya. Mlango uliopaswa kuwa wa kwanza unabishwa mwisho, baada ya mwaka mmoja au mitatu.

Kwa mzazi Mmbuti taabu ni kubwa zaidi. Yeye hutembea toka kambini msituni, na afikapo penye dawa pengine hudharauliwa na kuwekwa nyuma ya wote. Mkristu anayemsukuma Mmbuti nyuma ya mstari, hali mtoto wake anatetemeka mgongoni, anamsukuma Kristu mwenyewe.

Asicheke mtu kwa sababu wazazi hawa walikwenda huku na huku. Walikwenda kwa kuwa walimpenda mtoto wao. Mwanamke Mkanaani, ambaye Mateo anamtaja katika sura ya 15, naye aliambiwa maneno ya kuvunja moyo. Wanafunzi walitaka afukuzwe kwa sababu ya makelele yake. Hakurudi nyuma, na Bwana akaisifu imani yake. Kosa, basi, haliko katika kutafuta. Kosa liko kwa wale wanaowaelekeza wazazi njia ya upotevu, na kwa wale wanaoijua njia njema wakanyamaza.

III. Ugonjwa si laana, wala mtoto si mchawi

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye ama wazazi wake. Bwana Yesu aliyakataa yote mawili. Jibu lile lawafaa pia wazazi ambao watoto wao wanaugua kichwa na moyo.

Magonjwa haya yana sababu zake, kama malaria ilivyo na mbu wake. Kifafa huweza kutokea baada ya malaria kupanda ubongoni, au mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au akiumia kichwa. Katika jimbo lilelile la Ituri, huko Logo katika wilaya ya Mahagi, wachunguzi walikuta watoto wengi wenye kifafa katika vijiji vilivyo karibu na mito yenye maji ya kasi. Huko wapo inzi weusi wadogo wanaoeneza ugonjwa wa usubi, ule unaowasha ngozi na kupofusha macho. Na kifafa kiliwapata zaidi watoto walioishi penye usubi mwingi. Dawa ya aivamektini, inayogawiwa kijijini, hupunguza vijidudu vya usubi mwilini. Mzazi asiikatae inapogawiwa.

Kuna pia ugonjwa unaoletwa na hofu. Tarehe 24 Juni 2012, siku ya Dominika na sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, watu wenye silaha waliingia Epulu, wakaua watu, wakachoma nyumba na kuwaua okapi 14 waliotunzwa katika kituo. Watu walikimbilia msituni na watoto wao. Kabla ya hapo, miaka ya 2002 na 2003, wilaya ya Mambasa ilikuwa imekwisha kuona mabaya ya vita, na baada ya hapo iliyaona tena. Mtoto aliyeona damu huweza kukojoa kitandani ingawa amekwisha kukua, kupiga kelele usingizini, kukataa kusema, au kushtuka akisikia pikipiki. Huyo si mtundu, wala hana haja ya fimbo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi zenye vita mtu mmoja kwa watano ana ugonjwa wa akili wa namna fulani. Na inajulikana kwamba nusu hivi ya magonjwa ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14.

Aina ya tatu huwapata vijana: kijana anaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anajitenga, halali, anadhani watu wote wanamwinda. Aina ya nne ni mtoto aliyechelewa kukaa, kutembea na kusema tangu mwanzo. Kila mmoja ana msaada wake, na kadiri msaada unavyowahi ndivyo unavyofaa.

Neno moja lisemwe waziwazi. Kumwita mtoto mchawi ni dhambi dhidi ya amri ya nane, na mara nyingi huzaa dhambi dhidi ya amri ya tano, kwa kuwa mtoto huyo hupigwa, hufukuzwa au hufa. Tena ni kosa mbele ya serikali: Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inalikataza, na sheria ya kuwalinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 inalitilia adhabu.

IV. Sala na dawa

Wako wanaosema kwamba mwenye kwenda hospitali hamwamini Mungu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinafundisha kinyume: tabibu aheshimiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na dawa zimetoka ardhini kwa mapenzi yake, wala mwenye akili hazidharau. Kitabu hichohicho kinamwagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Yote mawili yamo katika sura moja.

Wengine husema kila aangukaye ana pepo. Kanisa halikanushi kwamba pepo wapo, na Bwana Yesu aliwafukuza. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 1673, yafundisha kwamba ugonjwa, hasa ugonjwa wa akili, ni jambo jingine kabisa, na kuuponya ni kazi ya elimu ya uganga. Kabla ya sala rasmi ya kufukuza pepo ni lazima ihakikishwe kwamba si ugonjwa. Tena, kwa sheria ya Kanisa, sala hiyo haifanywi na mtu yeyote ila padre aliyepewa ruhusa ya pekee na Askofu. Basi anayejitangaza kuwa mfukuza pepo na kuwatoza wazazi fedha hana kibali cha Kanisa.

Juu ya kufunga kuna kosa moja linaloua watoto. Wanafunzi walipouliza kwa nini wao hawakuweza, Bwana aliwafundisha habari ya sala. Aliwaambia wanafunzi, hakumwambia mtoto. Anayetaka kufunga kwa ajili ya mgonjwa na afunge yeye mwenyewe, na chakula chake ampe mgonjwa. Kumnyima mtoto mgonjwa chakula na maji si mfungo wa Kikristu. Ni kumtesa.

Na kosa la pili: kuacha dawa kwa sababu mtoto ameombewa, au kwa sababu hajaanguka kwa miezi miwili. Dawa za kifafa, kama fenobarbitali ambayo ni ya bei nafuu, hunywewa kila siku, kwa muda wa miaka, mpaka mwenye elimu aseme zipunguzwe polepole. Zikikatwa ghafula, kifafa huweza kurudi kwa nguvu na kufululiza mpaka kifo. Mtoto aliyepata nafuu kwa dawa amjulishe Mungu shukrani zake, na kesho asubuhi ameze dawa yake. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watu wenye kifafa hadi 70 katika 100 wangeweza kuishi bila kuanguka, kama wangetibiwa vizuri.

Wapo watakatifu walioijua taabu hii kwa miili yao. Mtakatifu Yohane wa Mungu, aliyezaliwa Ureno mwaka 1495, alidhaniwa kuwa mwenda wazimu katika mji wa Granada, akafungiwa hospitalini pamoja na wagonjwa wa akili, akapigwa viboko kama ilivyokuwa desturi siku zile. Alipotoka alifungua hospitali yake mwenyewe, apate kuwatunza wagonjwa kwa upole. Alikufa mwaka 1550, na Kanisa limemweka kuwa msimamizi wa wagonjwa na hospitali.

V. Mahali pa kumpeleka

Mlango wa kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto mwenye homa aliyepata degedege apelekwe saa ileile, usiku au mchana, maana huenda ni malaria ya ubongo. Mwuguzi asipoweza, aandike barua ya kumpeleka mtoto hospitali kuu ya Mambasa, kilometa zipatazo 70. Na ikilazimu, Bunia, ambako ni zaidi ya kilometa 200 toka Epulu. Safari ni ya pikipiki na malori, barabara huharibika wakati wa mvua, na usalama si wa kutumainiwa kila siku. Kwa mtoto mwenye kifafa, yafaa wakubwa wawili wasafiri naye, mmoja wa kumshika.

Mbali zaidi zipo hospitali mbili za Mabruda wa Upendo: Tulizo Letu mjini Goma, na Sosame mjini Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1994. Shirika la Mabruda hao lilianzishwa mwaka 1807 mjini Gent, Ubelgiji, na Padre Petro Yosefu Triest. Siku zile wagonjwa wa akili wa mji ule walikuwa wakifungwa minyororo chini ya ngome ya kale. Mwaka 1815 Padre Triest na Mabruda wake waliwafungua. Mwanzoni mwa 2025 vita viliingia Goma na Bukavu, na safari ikawa ngumu kuliko zamani. Kwa hiyo mzazi asianze safari ndefu kabla ya kuuliza habari za njia kwa padre au kwa wauguzi. Na kwanza atumie msaada ulio karibu, kwa maana kifafa na hofu nyingi za watoto huweza kutibiwa bila kwenda mbali.

Mzazi afikapo kwa mwuguzi afanye kama baba yule wa Injili, aeleze yote: ugonjwa ulianza lini, mtoto hufanya nini hasa anapougua, hutokea mara ngapi, na dawa gani amekwisha kupewa, hata zile za mganga wa kienyeji. Asifiche kwa haya. Kinachofichwa hakitibiki.

Nyumbani, mtoto akianguka, aondolewe karibu na moto na maji, alazwe ubavu, na kitu laini kiwekwe chini ya kichwa. Asitiwe kijiko wala kidole kinywani, wala asishikwe kwa nguvu. Ikipita dakika 5 bila kutulia, apelekwe mbio. Povu lake haliambukizi kitu. Wako watoto walioungua mpaka mfupa kwa kuwa jirani aliogopa kuwagusa, na hofu hiyo haikuwa na msingi.

VI. Kazi ya jumuiya

Colin Turnbull, mwanachuoni aliyekaa na Wambuti wa Epulu katika miaka ya 1950, alieleza desturi yao ya molimo. Balaa likiingia kambini walisema msitu umelala, nao wakakusanyika usiku kuuamsha kwa nyimbo. Na kila kibanda kilitoa chakula na kuni kwa ajili ya moto ule. Wazee hao walijua kwamba balaa la kibanda kimoja ni balaa la kambi nzima. Je, Wakristu, walio mwili mmoja katika Kristu, wapungukiwe na hilo?

Jumuiya ndogo na itoe fungu lake: huyu nauli, huyu unga wa mihogo wa njiani, huyu abaki kuwatunza watoto waliosalia nyumbani, huyu asindikizane na mama asiyejua kusoma. Mtoto aletwe Misa, akae na wazazi wake, wala watu wasigeuke kumtazama. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, mwaka 2007, alifundisha kwamba wenye upungufu wa akili waliobatizwa na kupata Kipaimara wapewe Ekaristi Takatifu kila iwezekanapo, kwa kuwa wanaipokea pia katika imani ya jamaa na jumuiya inayowasindikiza. Katekista, basi, asimfute mtoto katika daftari la mafundisho. Amwendee padre wakashauriane.

MASWALI NA MAJIBU

S. Je, mtoto anaugua akili kwa sababu ya dhambi ya wazazi wake?
J. Hapana. Bwana Yesu mwenyewe alilikataa wazo hilo.

S. Mkristu akimpeleka mtoto hospitali, je, ameacha kumtumaini Mungu?
J. Hapana. Mungu ndiye aliyeumba tabibu na dawa. Mzazi asali, na mtoto atibiwe.

S. Yaruhusiwa kumfunga mtoto mgonjwa kamba au kumshindisha njaa apate kupona?
J. Hairuhusiwi kamwe. Ni kumtesa mtoto ambaye Kristu alimshika mkono.

S. Mtoto akipata nafuu, dawa iachwe?
J. Isiachwe bila agizo la daktari au mwuguzi.

S. Na mtoto asipopona kabisa?
J. Atunzwe kwa upendo siku zote. Mtoto huyo ni mwana wa Mungu, na nyumba yake ni nyumba yake.

MAAZIMIO YA JUMA HILI

1. Kila jumuiya itafute nyumba moja yenye mtoto wa namna hii, iende kuamkia, isiende kuhoji.

2. Kila mzazi afundishwe kumlaza ubavu mtoto aliyeanguka, na watoto wa shule wafundishwe vivyo hivyo.

3. Mwenye kumjua mzazi aliyekata tamaa amsindikize mpaka kituo cha afya, asimwelekeze kwa maneno tu.

Somo lifungwe kwa sala ya pamoja, kwa maombezi ya Mama Maria, aliyemtafuta Mwanawe siku tatu kwa uchungu, na ya Mwenye Heri Anuarite, binti wa Wamba. Waombewe wazazi walio njiani na wagonjwa wao, na wauguzi watakaowafungulia mlango.